GREENE VARDIMAN BLACK, MUNGANGA WA MENO ALIYEPIMA KILA KITU



Katika matoleo yaliyopita gazeti letu limewaletea maisha ya wasafiri, ya wahubiri na ya wafalme. Safari hii tumechagua mtu ambaye hakusafiri mbali wala hakutawala nchi. Alitumia maisha yake kutazama ndani ya vinywa vya watu. Waganga wa meno wa dunia nzima wanamwita baba wa kazi yao, na siye hapa Mutoshi tuko na sababu yetu ya kumjua, kama mtakavyoona.

Sababu ya kwanza ni jino. Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa bweni alilia siku tatu usiku na mchana. Shavu lilivimba kama amefunga ndani yake limau. Tulimpa maji ya chumvi, tukampa karafuu, mwingine akashauri mambo ambayo hatuwezi kuandika hapa. Siku ya nne akapelekwa kung'olewa jino, akarudi na pengo na kimya kingi. Muuguzi alitueleza kwamba jino lile lilioza mpaka kwenye mshipa, lakini kama lingeletwa mwaka mmoja mbele, lingezibwa na kubaki. Basi tukajiuliza: mtu anaziba tundu la jino kwa kitu gani, na kitu kile kinashika namna gani, wakati kinywa kina maji siku zote na tunatafuna juu yake kila siku? Tulipotafuta jibu, tulimkuta Black.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1836 katika shamba karibu na Winchester, mji mdogo wa Illinois, Marekani. Shule hakuipata nyingi. Alipenda msitu kuliko ubao, akajifunza kutazama wanyama, miti na mawe kwa macho yake mwenyewe. Alipofikia miaka 17 alikwenda kwa kaka yake Thomas, aliyekuwa munganga, akasoma vitabu vyake na kumsaidia kazi. Katika mwaka wa 1857 akaingia kwa munganga mmoja wa meno aliyeitwa Speer, akakaa naye miezi michache tu, akaona vile anavyofanya, kisha akafungua kazi yake mwenyewe pale Winchester. Ndiyo masomo yake yote ya meno! Hakuingia hata siku moja katika shule ya meno kama mwanafunzi. (Wenzetu wa kalasi ya sita wasifurahi haraka. Wakati ule njia ile ilikuwa ya kawaida. Leo pasipo diploma ya Serikali na miaka mingi ya chuo kikuu, hakuna atakayekuachia kinywa chake.)

Ili tuelewe kazi yake, tunapashwa kujua kwanza hali ya meno siku zile. Jino lililooza lilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kung'olewa. Ya pili, kuzibwa, ao kama tunavyosema kwetu, kuplombe. Tajiri alizibwa kwa dhahabu. Munganga alichukua dhahabu iliyofuliwa nyembamba kuliko karatasi, akaisukuma kipande kwa kipande ndani ya tundu na kuigonga mpaka ikashikamana yenyewe kwa yenyewe. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi, mgonjwa kinywa wazi, na bei yake haikuwa ya mkulima.

Maskini walipewa amalgamu. Hiyo ni unga wa madini, zaidi fedha, unaochanganywa na zebaki, ile tunayoita merkiri. Zebaki ni maji ya chuma, inakamata unga ule, vyote vinakuwa laini kama udongo wa mfinyanzi, munganga anaviingiza ndani ya tundu, na baada ya dakika chache vinaanza kuwa vigumu. Katika mwaka wa 1833 ndugu wawili, jina lao Crawcour, waliileta New York kutoka Ulaya. Walikuwa watu wa kelele na matangazo, waliziba meno mabovu bila hata kuyasafisha vizuri, wakatengeneza pesa, kisha wakaondoka. Waganga wa kweli wakakasirika. Chama chao cha kwanza cha taifa, kilichoanzishwa mwaka wa 1840, kiliwalazimisha wanachama kutia sahihi kwamba hawatatumia amalgamu. Wengine walikataa, wakafukuzwa, wakagombana wote, mpaka chama chenyewe kikafa mwaka wa 1856. Hii waliiita vita vya amalgamu. Tunaona jambo moja la ajabu katika vita hivyo: pande zote mbili zilipiga kelele, na karibu hakuna aliyekaa chini kupima.

Na kulikuwa na jambo la kupima. Amalgamu ya siku zile haikutulia. Nyingine ilipokauka ilijikunja, ikaacha ufa mdogo pembeni, mate na chakula vikaingia, jino likaendelea kuoza chini ya kiraka. Nyingine ilivimba, ikatoka juu ya jino ao ikalipasua. Mgonjwa alilipa, akaenda nyumbani akifurahi, na baada ya miezi alirudi analia.

Black hakuingia katika maneno hayo upesi, kwa sababu vita vingine vilimkuta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza mwaka wa 1861. Mwaka uliofuata Black akaandikishwa katika jeshi la Kaskazini, akafanya kazi ya upelelezi, akaumia goti, akarudishwa. Mwaka wa 1864 alihamia Jacksonville, mji mwingine wa Illinois, na pale njo alipoanza kweli.

Mchana alitibu watu. Usiku alisoma. Alijifunza kemia, akakusanya walimu wa mji ule wakajifunza pamoja naye. Alijifunza Kijerumani ili asome vitabu vya wataalamu wa Ujerumani. Alinunua darubini ya kutazama vijidudu. Alijitengenezea hata mashini ya kutoboa jino, inayozungushwa kwa mguu, sawa na masini ya kushona ya mafundi wetu wa soko. Wengine nao walikuwa wanatafuta jambo lile lile, na mmoja wao, Morrison, alipata hati ya mashini yake mwaka wa 1871. Kabla ya hapo munganga alikwangua tundu kwa mkono tu. Fikirini mkono ule jioni.

Kisha akaigeukia amalgamu. Alichukua madini mbalimbali, akayayeyusha pamoja kwa vipimo tofauti, akakata unga wake, akachanganya na zebaki, akaweka ndani ya vyombo vidogo alivyovitengeneza mwenyewe, akapima siku kwa siku: imevimba kiasi gani? imejikunja kiasi gani? inavunjika kwa uzito gani? Alitengeneza hata chombo cha kupima nguvu ya kinywa cha mtu anapouma, maana haifai kutengeneza kiraka bila kujua mzigo kitakaoubeba. Aligundua vilevile kwamba unga uliokatwa leo na unga uliokaa siku mingi havifanani. Ule uliokaa unakuwa kitu kingine, ingawa madini ni yale yale. Njo maana watu wawili walitumia kitu kimoja, mmoja akasifu na mwingine akalaani, na wote wawili walisema kweli.

Matokeo aliyatangaza katika miaka ya 1895 na 1896. Kwa maneno mafupi ni hivi: fedha inafanya amalgamu ivimbe, bati inafanya ijikunje. Ukizidisha moja umepotea, ukizidisha nyingine umepotea vilevile. Kuna mahali pa katikati ambapo mavimbe na makunjo yanalingana, na kiraka kinabaki mahali pake. Madini ya namna hiyo yaliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka 60 baada ya hapo: fedha si chini ya 65 kwa mia, bati si zaidi ya 29, zinki kidogo sana, na shaba isiyozidi 6.

Shaba! Hapa, wasomaji wapenzi, tuliinua vichwa. Tumezaliwa juu ya shaba. Mgodi wetu wa Mutoshi, ambao wazungu waliuita Ruwe, ulitafutwa kwanza kwa ajili ya dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1900, na shaba ikafuata. Tunajua shaba inakwenda katika nyaya za umeme na mabomba. Lakini ni wangapi kati yetu walijua kwamba kidogo yake inakaa kimya ndani ya meno ya watu, ikiwapa nguvu ya kutafuna? Na kobalti pia: ikichanganywa na kromu inakuwa chuma kigumu kisichopata kutu, ambacho mafundi wa meno wanatengenezea vyuma vya meno ya bandia. Baba zetu wameshinda chini ya jua wakichimba vitu hivi, na mzee fulani wa nchi ya mbali anatafuna nyama bila kujua habari zetu.

Turudi kwa Black. Madini mazuri yalikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa tundu lenyewe, na hapa tunafika kwenye jambo ambalo lingesumbua waganga miaka mingi. Amalgamu haishikamani na jino. Hata iwe nzuri namna gani, inakaa ndani kama gogo ndani ya shimo. Kwa hiyo Black aliweka sheria za kuchonga, kama fundi wa mbao anayechonga tundu la kiungo: chini pawe tambarare, kuta zisimame wima, na ndani pawe papana kidogo kuliko mdomo, sawa na chungu, ili kiraka kisichomoke. Akagawanya matundu ya meno katika makundi matano, kila kundi na namna yake ya kuchonga. Akatoa pia namba na majina ya vyombo vya mkono, urefu wake, upana wake na pembe yake, ili munganga wa Chicago na munganga wa Berlin wakisema chombo kimoja, kiwe kimoja kweli.

Tena aliongeza sheria moja kali. Aliona kwamba meno yanaoza tena pembeni ya kiraka, zaidi katika vile vijifereji vya juu ya magego ambamo uchafu unajificha. Basi akafundisha kwamba munganga asiishie mahali palipooza. Akate mpaka mahali safi ambapo mswaki na ulimi vinafika, hata kama ni jino zima lisilo na ugonjwa. Kukata zaidi ili kuzuia. Waganga wa dunia nzima walitii, baba kwa mtoto, kwa zaidi ya nusu karne.

Sisi tuliposoma hayo tulibishana. Mmoja wetu alisema ni ukatili kukata jino zima. Mwingine alijibu kwamba kwa kitu kisichoshikamana hapakuwa na njia nyingine, na kwamba kiraka kidogo ndani ya jino chafu kilikuwa kinaanguka upesi. Tunafikiri huyu wa pili ana haki, lakini si haki yote. Jino lililochongwa sana linadhoofika, na kiraka kikiharibika, kinachofuata ni kikubwa zaidi, kisha kikubwa zaidi, mpaka siku jino linapasuka. Black alijua madini yake yanaweza nini na hayawezi nini, akatoa sheria inayoyafaa. Waliokuja nyuma yake walishika sheria wakasahau sababu yake.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kushika kitu kwa sababu wazee walisema. Siku zile watu wote waliamini kwamba meno yanaoza kwa kuwa ni laini, na meno magumu hayaozi. Ni imani ambayo mpaka leo tunaisikia nyumbani. Black alipima meno mengi, mazima na mabovu, uzito wake na madini yake, akakuta kwamba tofauti haielezi chochote. Kinachoozesha, aliona, kinatoka nje: vijidudu vinavyonata juu ya jino na asidi vinayotoa. Kabla yake Mmarekani mwingine, Miller, aliyefanya kazi Berlin, alikuwa ameandika habari za asidi hiyo mwaka wa 1890. Black alionyesha ute ule unaovishika vijidudu mahali pamoja.

Mtoto yule wa shamba asiye na shule akawa mwalimu wa walimu. Alifundisha St. Louis, Iowa na Chicago, na kutoka mwaka wa 1897 mpaka kufa kwake aliongoza shule ya meno ya chuo kikuu cha Northwestern. Kitabu chake kikubwa cha kutibu meno, juzuu mbili, kilitoka mwaka wa 1908, akiwa na miaka 72. Wengi wangekaa kwenye kiti cha kupumzika. Yeye mwaka wa 1909 akapanda gari la moshi kwenda Colorado, kwa sababu munganga kijana aliyeitwa McKay alimwandikia kwamba watu wa kule wana meno ya madoa ya kahawia, na hakuna ajuaye sababu. Black akayatazama, akayakata, akayaweka chini ya darubini. Walishangaa kuona kwamba meno yale mabaya ya sura hayaozi upesi. Alifariki tarehe 31 Agosti 1915 bila kujua jibu. Lilipatikana mwaka wa 1931: ni fluori iliyozidi katika maji ya kunywa. Ndugu zetu wa Arusha na Meru, Tanzania, wanaijua sana kahawia ile, maana maji ya milima yao ya moto yana fluori nyingi. Na kutoka habari hiyo watu walijifunza kutia fluori kidogo katika dawa ya mswaki.

Sasa, je, kiraka kinachoshikamana? Kilimpita Black kwa miaka 40. Mwaka wa 1955 munganga Michael Buonocore, wa Rochester katika jimbo la New York, alisikia kwamba mafundi wa viwanda wanapaka chuma asidi ya fosforiki ili rangi ishike vizuri. Akajiuliza: na jino je? Akaweka asidi hiyo, yenye nguvu ya 85 kwa mia, juu ya jino kwa nusu dakika, akaosha, akakausha, akatia plastiki ya akriliki. Ikashika! Asidi ilikuwa imekula ngozi ngumu ya nje ya jino kidogo sana, ikaacha vishimo visivyoonekana kwa macho, na plastiki ikaingia ndani yake kama mizizi. Siye wa Kolwezi tunaelewa haraka: tunajua asidi inavyokula mawe ya shaba viwandani, na tumeona mwashi anavyokwaruza ukuta kabla ya kupaka sementi. Bowen akaleta rezini yenye nguvu zaidi mwaka wa 1962. Ndani ya jino, chini ya ngozi ile ngumu, palikuwa pagumu zaidi kwa sababu pana maji; Wajapani walifungua njia pale katika miaka ya 1979 na 1982. Tangu hapo munganga anaweza kuondoa mahali palipooza tu, akagandisha rezini kwa taa ya buluu, na jino zima likabaki zima.

Amalgamu nayo haikukaa kimya. Mwaka wa 1963 wataalamu wawili wa Kanada, Innes na Youdelis, waliongeza shaba kupita kipimo cha zamani, na ikaonekana kwamba shaba nyingi inaondoa sehemu dhaifu ya bati na zebaki inayopata kutu. Shaba yetu ikapanda cheo. Lakini zebaki ni sumu katika maji na samaki, mataifa yalitia sahihi mapatano ya Minamata mwaka wa 2013 ili kuipunguza, na nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza amalgamu ya meno tangu Januari 2025.

Mtasema: taa ya buluu, hewa ya kukausha, umeme usiokatika, mambo hayo ni ya wapi? Hata hapa mjini umeme unatoroka. Hayo njo waganga wa shule ya meno ya Dar es Salaam walijiuliza katikati ya miaka ya 1980. Vijiji havikuwa na umeme, na mashini zilizoletwa ziliharibika zikalala kwenye kona. Wakajaribu kukwangua uozo ule laini kwa vyombo vya mkono peke yake, bila mashini, kisha kuziba kwa sementi ya glasi ionoma, iliyotengenezwa London na kutangazwa mwaka wa 1972. Sementi hiyo inashikana na jino lenyewe kwa kemia, hata pakiwa na unyevu kidogo, na inatoa fluori pole pole. Mgonjwa analala juu ya meza ya kawaida. Njia hiyo ilipelekwa kujaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka wa 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi zote.

Muuguzi yule aliyemng'oa mwenzetu jino anaijua. Alitufungulia sanduku lake akatuonyesha vyombo: kijiko kidogo kuliko punje ya mchele, patasi nyembamba, ndoano. Tulipogeuza kimoja karibu na dirisha tuliona kwenye mpini namba zimechongwa, upana, urefu na pembe, kwa utaratibu ule ule aliouweka Black. Tarehe ya kuja shuleni kwetu kutazama meno ya kalasi ya kwanza itabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wenye karafuu mfukoni waandikishe majina mapema.